Pango la Ngunjiri

Koplo Kefa alikuwa ameshavisoma vitabu vyote vitatu vya mwalimu Gatimu kabla serikali haijamwamuru avisome. Siri hiyo aliibana moyoni, maana siku zile za Hali ya Hatari askari wa kupenda vitabu vya Mkikuyu alikuwa anajitafutia balaa.

Vilikuwa hadithi za zama za mababu. Ngunjiri, shujaa wa mkuki mmoja, aliwahangaisha wasaka pembe za ndovu katika misitu ya mlima, akipotelea huku na kuibukia kule. Gatimu, aliyefundisha pale Gatitu, alivitunga kwa Kiswahili, kwa hiyo hata Mmaragoli kama Kefa, aliyeletwa Nyeri kulinda amani isiyokuwepo, alipata cha kumliwaza. Lo, kitabu cha tatu kilimwacha Ngunjiri ndani ya pango, maji yamemfika kifuani, mlango umezibwa kwa jabali! Cha nne kilikuwa hakijaandikwa, na sasa mwandishi mwenyewe yuko selo.

Inspekta, Mzungu kijana aliyekipiga Kiswahili marungu, alikuwa ameambiwa kwamba vitabu vile vinafundisha waasi wa msituni pa kujificha.

"Wewe soma yote," alimwambia Kefa. "Ijumaa sema mbele ya kamati. Kama hii mwalimu najua msitu, yeye kwenda kizuizini. Kama hapana jua, rudi nyumbani."

Kefa akavisoma upya, safari hii kwa jicho la askari aliyepiga doria msituni mwaka mzima. Mama yangu! Ngunjiri anapanda mlima, anaivuka theluji kwanza, halafu ndipo anaingia kwenye mianzi, ambayo kwa kweli huota chini yake. Viboko wanaoga katika vijito vya maji ya barafu. Mara ya kwanza hakuona kasoro hata moja, kwa sababu mtu akinogewa na hadithi hana haja na viboko wanaoga wapi.

Nje ya kituo alimkuta Murugi, mke wa Gatimu, ameshika sufuria ya chakula cha mumewe.

"Mama, mzee ameshaingia msituni siku yoyote?"

"Huyo? Ati msituni?" Murugi alicheka, ingawa macho yalikuwa mekundu. "Hata kuni ni mimi naleta, afande. Kukiwa na baridi kidogo anajifunika blanketi mbili. Msitu anauangalia akiwa mlangoni, tena kukiwa na jua."

Kefa alifurahi karibu amkumbatie. Njia ya kumwokoa mwalimu ilikuwa nyeupe: ni kuviponda vitabu vyake tu. Akamnong'oneza Murugi amwambie mumewe kwamba Ijumaa, asikie lolote atakalosikia, anyamaze. Jibu likarudi na sufuria tupu: atanyamaza kama maji mtungini.

Ijumaa kamati ikakaa: inspekta, mlowezi mmoja wa Mweiga na chifu aliyesinzia. Kefa akaanza na viboko. Mlowezi akacheka, Gatimu akatazama sakafu. Kefa akaingia kwenye theluji na mianzi. Inspekta naye akacheka, na mshipa ukamsimama Gatimu shingoni, lakini kimya. Mambo yalikuwa yameiva. Kefa angekomea pale pale, mwalimu angekula githeri nyumbani kwake jioni. Lakini wapi! Kucheka kwa wakubwa kulimpanda Kefa kichwani.

"Na huyo Ngunjiri, bwana, si mtu, ni sanamu. Mtoto wa shule angeandika vizuri kuliko huyu."

Gatimu akasimama wima.

"Uwongo! Huo msitu mimi naujua! Kila kijito nimevuka na hii miguu yangu!"

"Na pango?" inspekta aliuliza, kicheko kimemkauka.

"Nimelala ndani!"

"Ngai!" Murugi alipiga ukelele mlangoni. "Anadanganya, bwana! Muulizeni blanketi!"

Nani amsikilize? Mke wa mtu atasema lolote. Chifu aliamka kwa zile kelele, akaunga mkono mwalimu apelekwe kizuizini, na mambo yakaishia hapo.

Kefa ndiye aliyepewa kazi ya kumpakia kwenye lori. Alikuwa amejiandaa kumtukana, amwambie kiburi chake kimemponza. Na yeye je, nani alimtuma kuongeza yale ya mwisho?

Gatimu, mikono ndani ya pingu, alimsogelea sikioni.

"Koplo, ile maneno ya mtoto wa shule. Ulikuwa unasema ukweli?"

"Hapana, mwalimu." Kefa alifuta pua kwa mkono wa koti. "Nimesoma zote mara mbili. Ni tamu, mwalimu. Tamu sana."

Uso wa Gatimu ukachanua. Akapanda mwenyewe bila kusukumwa, akakaa kati ya mahabusu wenzake. Dereva akawasha injini, na Kefa, ambaye alijua hataipata nafasi nyingine, akashika ubao wa nyuma.

"Mwalimu! Ngunjiri atatokaje pangoni?"

Gatimu alifikiri kidogo, na hapo ndipo tabasamu lake lilipofifia.

"Hapo ndipo nilikwama, koplo," alisema. "Mimi pango sijawahi kuliona."