Jumatano ya Mama Tuaine

Kutoka kisiwani kwetu Rarotonga hadi Auckland ni kilomita elfu tatu na ushei, saa nne angani. Ukiondoka Jumatano unafika Alhamisi, kwa sababu njiani kuna mstari wa tarehe unaomeza siku nzima. Nimewakatia watu tiketi za ndege hapa mjini Avarua miaka kumi na tisa, na wageni wanaoushangaa mstari huo hunichosha. Kila anayenipigia kutoka ng'ambo namwuliza kwanza: siku ya huku au ya huko?

Vaine sikumwuliza. Alipiga Jumatatu kutoka Auckland, akilia, kuniambia kwamba mumewe, Ngatokorua, ameanguka kazini na kufa. Marehemu nilisoma naye darasa moja. Nami nikaangua kilio.

"Tunazika Alhamisi saa sita, dada Tepaeru. Mama tumpokee Jumatano."

"Jumatano. Hilo niachie mimi."

Mama Tuaine, mamake marehemu, alikuwa hajawahi kupanda ndege. Jumatano nilimpeleka uwanjani mwenyewe, nikamvisha shada la maua. Hakutaka kingine ila kuuona uso wa mwanawe kabla jeneza halijafungwa.

"Nilimbusu alipozaliwa," aliniambia. "Nitambusu akienda, basi."

"Utambusu, Mama. Saa nne tu, hata usingizi hautakukolea."

"We Tepaeru! Tangu utoto una mdomo. Saa nne sijakanyaga ardhi, usingizi utatoka wapi?"

Akacheka kidogo, akajifuta macho, akaenda. Ndege iliruka saa saba mchana.

Simu yangu nilikuwa nimeizima tangu jana yake, tulipokuwa kwenye sala nyumbani kwa Mama. Nilipoiwasha tu, ikalia.

"Dada, mko wapi nyie?" Vaine alikuwa hana sauti. "Jana tumemngoja Mama uwanjani mpaka abiria wa mwisho. Tunapiga, hampatikani!"

"Yuko angani, mdogo wangu. Ndiyo kwanza ameondoka."

"Angani? Dada, huku leo ni Alhamisi! Tunazika saa sita, zimebaki dakika arobaini!"

Nikakaa chini palepale kwenye maegesho.

"Wasubirishe, Vaine. Nakuomba."

"Nimewapigia magoti watu wa makaburi. Saa nane wanazika watu wengine, na kesho hakuna nafasi."

Sisi huku tunazika mbele ya nyumba zetu, saa tunayotaka wenyewe. Ngatokorua angekuwa amelala nyumbani kwao, tungemngoja mamake hata wiki. Nililaani makaburi ya Auckland, nikamlaani Vaine kwa kusema siku za huko kana kwamba hakuzaliwa huku. Kisha nikajilaani mwenyewe, maana kosa lilikuwa langu: sikumwuliza ni Jumatano ya wapi.

Kwa saa nne hakuna aliyeweza kumwambia Mama. Yeye alikuwa juu ya mawingu, anamwendea mwanawe, na mwanawe alikuwa anafukiwa. Sijui kama alilala. Mimi nililia mpaka kichwa kikauma.

Saa kumi na moja na nusu jioni simu ililia tena. Nilidhani ni Vaine, anitukane, na ningeshukuru kutukanwa.

"Tepaeru, mwanangu," alisema Mama Tuaine, taratibu, bila hasira hata chembe. "Hawa watoto wananiambia wameshamzika. Wanasema leo ni Alhamisi. Nami nilitoka kwangu leo asubuhi, umenipeleka mwenyewe, na ilikuwa Jumatano. Hebu waambie."