Kikombe Mwisho wa Benchi

Baraza la wazee wa kanisa letu la Portgarvie lilikuwa na wanaume kumi na mmoja na mimi. Kanisa la Skotilandi lilikuwa limekubali juzijuzi tu wanawake wawe wazee. Washirika walinichagua, nikawekwa wakfu mbele ya watu wote kama walivyowekwa wao. Hata hivyo Gilbert Dunnet, katibu wetu, alifungua kila kikao kwa kusema, "Ndugu waheshimiwa," kisha akanitazama kama mtu aliyekumbuka ameacha sufuria motoni.

Kutembelea wagonjwa hawakunikataza. Mkate wa Meza ya Bwana niliuoka mimi, maana duka la mikate ni langu tangu bahari imchukue mume wangu. Lakini nilipodai kubeba kikombe cha divai kama mzee mwingine yeyote, vikao viliwaka moto.

"Watu hawatakipokea," alisema Gilbert.

"Watu gani?"

"Watu tu, Jessie."

"Hao watu hawana majina?"

Tukapiga kura. Nilijipigia yangu bila haya, na kura zikalingana. Kwa utaratibu wetu mchungaji ndiye mwenyekiti, ila hapigi kura mpaka wazee wafungane. Mchungaji Crombie, mtu mwema anayeogopa hata paka wake, alijifuta jasho.

"Jessie abebe," alisema. "Lakini benchi moja tu likikataa kunywa, jambo hili tulifunge moja kwa moja. Mezani pa Bwana si mahali pa kugombana."

"Andika hivyo, Gilbert," nilisema, "na mkono usikutetemeke."

Kisha wakanipangia upande wa kushoto, anakokaa Wattie Slater, ndugu wa marehemu mume wangu, asiyetaka kusikia habari za mzee mwanamke. Walidhani sitajua kwa nini.

Wiki ile nilizungukia nyumba za mtaa wangu kugawa kadi za kuingilia Meza ya Bwana, kama mzee anavyopaswa. Wattie alifungua mlango kidogo tu, akaniziba njia kwa tumbo lake.

"Shemeji, kadi zenu hizi. Jumapili nitakuja na kikombe upande wenu."

"Utakuja nacho na utarudi nacho. Ndugu yangu angekuwa hai, ungekuwa nyumbani unakaanga samaki."

"Ndugu yako alikaanga mwenyewe, tena vizuri kuliko wewe unavyoimba zaburi."

Nyuma yake Nan, mkewe, alicheka, akajitia kukohoa. Wattie akazichukua kadi na kunifungia mlango.

Jumapili mabenchi yalikuwa yametandikwa vitambaa vyeupe. Kwetu mzee husimama mwisho wa benchi na kumpa kikombe aliyekaa hapo. Yeye hunywa, hukipitisha kwa jirani, kikaenda mkono kwa mkono hadi ukutani, kikarudi. Kwa hiyo aliyekaa mwisho ndiye mlango wa benchi zima. Tukimaliza, wazee wote tunarudi mezani pamoja, na mchungaji haombi mpaka wa mwisho wetu afike.

Mabenchi ya mbele yalinywa bila neno, na bibi mmoja alinikonyeza. Kisha nikafika kwa Wattie. Alikuwa amekunja mikono, anatazama dirishani.

Nikamnyooshea kikombe.

"Pita," alinong'ona.

"Sipiti."

"Unatutia aibu, Jessie."

"Mikono iliyokunjwa ni yako, si yangu."

Wenzangu walikuwa wamemaliza. Walisimama ujiani na vikombe vyao, wananingoja. Nilimsikia mtu akivunja pipi ya mnanaa kwa meno. Kikombe kilikuwa cha fedha, kizito, na mkono ulianza kuniuma. Niliogopa. Nilikuwa na hasira pia, na hasira ndiyo iliyonishikilia pale, maana machozi yalikuwa karibu na sikutaka Wattie ayaone hata moja.

Gilbert alikuja kwa ncha za viatu, akanyoosha mkono. "Nipe mimi niwapitishie. Tuyamalize kwa amani."

Ningempa, ningekuwa nimempa kikombe cha kila mwanamke atakayekuja baada yangu. "Rudi mahali pako, Gilbert."

"Jessie..."

"Nimesema rudi."

Ndipo Nan aliponyoosha mikono yake miwili juu ya mikono ya mumewe iliyokunjwa, akakichukua kikombe. Alikunywa, akampa jirani yake. Jirani akanywa, na mwenzake, na wote hadi ukutani. Kikombe kiliporudi kwa Nan, alikisogeza mbele ya mumewe.

"Kunywa, Wattie."

"Sinywi kilichotoka mkononi mwake."

"Kimetoka mkononi mwangu. Miaka yote hii umekula kutoka mkono huu. Leo nao una kasoro?"

Wattie aliinuka, akanipiga kumbo na kwenda mlangoni kwa vishindo. Pale alisimama, akageuka kumngoja mkewe, kwa kuwa hajawahi kutoka mahali popote Nan asimfuate.

"Nan!" aliita, kanisani, wakati wa meza takatifu.

Sijui Nan aliwaza nini. Nilimwona amepauka. Kisha akasogea taratibu mpaka mwisho wa benchi, akakaa penye nafasi ya mumewe, akainyoosha sketi yake. Mlango wa kanisa ukafungwa kwa kishindo na Nan hakugeuka.

Alinirudishia kikombe kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ambayo Gilbert, mchungaji na wote waliokaa nyuma kabisa waliisikia:

"Nenda mezani, Jessie. Benchi letu limekunywa."