Kitufe cha Kufuta

Jumwa alifika ofisi ya chama cha wafugaji, Ukunda, kuchukua kibali cha nyasi za msaada, akaambiwa hayumo orodhani. Lori la nyasi lilikuwa liondoke saa saba, na ng'ombe wake watatu waliobaki walikuwa mbavu tupu.

"Juma lililopita nilileta habari kuwa mbuzi wangu amekufa. Mkamfuta mbele yangu!"

"Nilimfuta mbuzi, mama, haki ya Mungu," akaapa Eunice, karani.

Akaitwa Mzee Garama, aliyestaafu kazi ya mapokezi hotelini Diani na kujifunza programu za kompyuta peke yake, kwa maneno yake mwenyewe, katika masika moja ambapo pweza walipanda mapaani kukimbia maji. Alifungua programu aliyoitengeneza Nzau, fundi wa chama, aliyesimama nyuma yake. Fomu kubwa ilikuwa na mfugaji. Fomu ndogo ndani yake ilikuwa na mifugo wake, kila mnyama katika kisanduku chake. Kitufe cha kufuta kilikaa chini, kwenye ile kubwa.

Garama aliisoma amri ya kitufe, uso ukamkunjamana kama aliyekuta unywele kwenye wali.

"Nzau mwanangu, uchafu gani huu? Unaiuliza mashine fomu gani inatumika, ufute kilichomo. Mashine huitaja fomu ya nje tu! Eunice amegusa mbuzi, wewe umemfuta mwenye mbuzi, na zizi zima likamfuata."

"Basi niulize kisanduku kinachotumika sasa, mzee."

"Ukishabonyeza kitufe, upo kwenye kitufe! Mgeni akipiga hodi, wamuuliza yuko wapi? Si yuko mlangoni! Wamuuliza atokako."

Akaiandika upya: kitufe kiulize kisanduku kilichoguswa kabla yake, kisha fomu ya kisanduku hicho. Akamrudisha Jumwa kutoka nakala ya akiba ya mwezi uliopita, akambonyeza mbuzi, kisha kitufe. Akatoweka mbuzi tu.

Jumwa alipokwisha kupewa kibali, Garama aliilinganisha nakala ile na orodha. Walipungua wafugaji thelathini na mmoja, kila mmoja, kwa daftari la Eunice, amefiwa na mnyama.

"Mmewanyima nyasi wale wale waliofiwa," alisema, akatema mate dirishani.

Eunice hakuinua macho. "Walikuja. Mmoja alilia, nikamwambia aache usumbufu."

Ilikuwa saa sita na nusu. Nzau alitoka mbio kulizuia lori. Garama akamsukumia Eunice simu.

"Nitawaambia nini, mzee?"

"Ukweli, mwanangu. Wapigie wote, mmoja mmoja."

Eunice akatafuta kwanza namba ya yule aliyelia, akaibonyeza.

"Shikamoo, Mzee Mwero. Ni Eunice, wa chama... Tafadhali, usikate."