Mbuzi Aliyerudishwa Madhabahuni

Kwetu Asine, mtoto haingii katika ukoo wa Driopsi, baba yetu sote, mpaka baba yake aweke mkono juu ya mbuzi wa sadaka na kuapa kuwa ni wake. Anayepinga hatukani wala hapigani. Anashika kamba, anamwondoa mbuzi madhabahuni, basi. Mtoto huyo anabaki bila jina na bila shamba.

Mwanangu Dameo alizama baharini mkewe akiwa na mimba ya miezi mitano. Kwa hiyo siku ya sadaka nilimbeba mjukuu wangu mwenyewe, na mbuzi nikamvuta mwenyewe. Filina, mkwe wangu, alipoona wanaume wanavyotutazama alitaka turudi. Nikamwambia sikumlea mbuzi huyu kwa mkono ili nirudi naye.

Shemeji yangu Arkioni, mdogo wa marehemu mume wangu, hakungoja. Shamba la mizeituni la Dameo linapakana na lake, kila mtu anajua. Alishika kamba.

"Usinielewe vibaya, shemeji," akasema. "Mkono wa baba uko wapi?"

"Na wa baba yake Driopsi ulikuwa wapi?"

Nikawageukia watu. Nikawakumbusha yale tunayowaimbia watoto walale: kwamba mama yake alimzaa kwa siri, akamficha ndani ya shina la mwaloni lenye uwazi, kwa kumwogopa baba yake yeye mama. Hakuna mwanamume aliyemwapia. Ilikuwepo mikono ya mama, na mti.

"Kama huyu si wenu," nikasema, "basi na Driopsi mtoeni. Tugawane mbuzi twende nyumbani, hapa hakuna ukoo."

Mtu alicheka nyuma. Arkioni akasema nimezoea kubishana na mbuzi. Nikamjibu kwamba mbuzi husikiliza.

Akaanza kuvuta. Nikampa Filina mtoto, nikashika pembe. Miguu yangu imezeeka, lakini mikono hii imekamua maziwa miaka hamsini. Sikuachia.

Ndipo akaja mzee Teleso, aliyepiga makasia na mwanangu na kunusurika, akichechemea na fimbo yake. Alifungua vidole vya Arkioni kimoja kimoja, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Kisha akaweka kiganja chake mgongoni mwa mbuzi.

"Nilikula arusi ya Dameo na binti huyu," akasema. "Na chomboni alituhadithia mimba hii mpaka tukamchoka. Naapa kwa hilo."

Hakuna aliyeigusa kamba tena.

Mtoto ameitwa Dameo. Paja la mbuzi nilimpelekea Teleso. Arkioni nilimpelekea mbavu, zingali za moto, kwa kuwa mtoto atahitaji babu wa kumfundisha kupogoa mizeituni, na mpaka wa lile shamba yeye anaujua vizuri.