Mfuniko ni wa Maji

Severina alishasema, na akisema amesema: mfuniko ule hautoki kwenye ndoo ya maji. Aje mwenyekiti, aje mtaalamu, aje nani sijui na suti yake, hautoki.

Mambo yalianza mabibo, yale matunda ya mkorosho, yalipoanza kudondoka. Akina mama kumi na wawili wa Mkunya walikuwa wameunda kikundi cha kutengeneza mvinyo wa mabibo, na Christopher, kijana mtaalamu kutoka Masasi, akaja kuwafundisha. Kila mmoja akapewa ndoo nyeupe ya lita ishirini na mfuniko wake. Mfuniko una tundu, kwenye tundu unapita mpira mwembamba kama ule wa dripu, na ncha ya mpira inazama kwenye chupa ya maji. Hewa ya mvinyo inatoka ikibubujika majini, ya nje haina pa kuingilia. Wakapiga makofi. Mwenyekiti wao, Mama Cuthbert, akapiga makofi kuliko wote, halafu akaongeza na sheria yake: siku ya ukaguzi, ndoo isiyo na mfuniko inamwagwa mbele ya watu.

Severina, Mama Oliva kwa wenzake, akafika nyumbani, akautazama ule mfuniko. Mzito, unabana vizuri, ukiukandamiza unalia kwa! Akageuka akaitazama ndoo yake ya maji ya kunywa, imefunikwa sinia lililopinda, na mende anatembea ukingoni bila wasiwasi. Sasa niambieni nyie, ndoo ipi ilistahili mfuniko? Maji ya Mkunya watu wanayajua. Bomba likitoa leo, kesho limenuna, na likinuna unateremka bondeni, unarudi na kilima chote shingoni. Maji ya namna hiyo uyaache wazi mende wayaogelee, halafu ukafunike mabibo, yanayodondoka yenyewe mpaka mbuzi wanayasusa? Thubutu! Akaziba tundu kwa kipande cha gunzi, akafunika maji kwa mfuniko ule, kwake kesi ikaisha.

Mvinyo akaufunika kwa nailoni, ile nailoni nyeupe ya kukata kwa mita, iliyobaki walipotandika chini ya nyasi za paa. Akaiosha, akaivuta mdomoni mwa ndoo, akaibana kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, mizunguko mitatu. Mama yake alikuwa akifunika mtungi wa uraka, pombe ya mabibo, kwa jani la mgomba na kamba, na watu walikunywa wakaomba tena. Siku ya pili nailoni ikapanda kama tumbo la mjamzito. Hewa ilipozidi, ikajitafutia njia pembeni, chini ya mpira, kidogo kidogo. Vinzi, wale wadudu wadogo wa matunda, wakazunguka juu mpaka wakachoka. Na ndani unaona bila kufunua, wakati wenzake walikuwa wanabandua mifuniko kila asubuhi wachungulie.

Jirani yake Naima hanywi, dini yake haimruhusu, lakini mabibo yenyewe yalitoka kwenye mikorosho yake. Alipoiona ndoo akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama Oliva, huyu ana miezi mingapi?"

"Atajifungua siku ya ukaguzi."

"Yarabi! Atajifungulia mchangani. Mama Cuthbert kala yamini ataimwaga."

Severina akacheka na yeye, ila moyoni kulimchoma. Mabibo yalikuwa yanaishia. Ndoo ile ikimwagwa, hana nyingine mpaka mwaka kesho. Na mvinyo utakaoshinda siku hiyo ya ukaguzi ndio utakaokwenda kwenye maonyesho Masasi, na mwenyewe anakwenda nao, anasimama mezani, watu wanamuuliza umefanyaje, mama. Severina ana miaka hamsini na minne. Katika miaka yote hiyo hajawahi kusimama mahali akaulizwa jambo analolijua. Aliitaka safari ile, aliitaka kwelikweli.

Wiki ya pili Mama Cuthbert akapita, hakukaa hata kwenye kigoda.

"Nasikia unafunika kwa nailoni. Nailoni zimepigwa marufuku."

"Iliyopigwa marufuku ni mifuko, mwenyekiti. Hii ni ya paa. Labda uishtaki na nyumba."

"Weka mfuniko, Mama Oliva."

"Mfuniko una kazi."

Mama Cuthbert akamkata jicho, akaondoka. Na wiki hiyohiyo bomba likanuna, likanuna siku kumi na nane. Severina na Naima wakawa wanateremka bondeni asubuhi na jioni, na kila tone likawa na mwenyewe.

Siku ya ukaguzi Christopher akashuka kwenye bodaboda, akawaamkia wote, "Shikamooni mama zangu," wakaitikia, wakaanza nyumba kwa nyumba. Ya kwanza, kwa heshima, kwa mwenyekiti. Mfuniko ulikuwa umekaa barabara. Christopher akaufunua, na harufu ikamrudisha nyuma hatua mbili. Siki! Siki ya kuozesha meno. Akaitazama chupa pembeni ya ndoo. Ilikuwa kavu, na vinzi walikuwa wamepanga foleni kwenye mpira.

"Mama, maji ya chupa yako wapi?"

Mama Cuthbert akatazama dari. Afanyeje? Siku kumi na nane bila maji, na pale pembeni kuna chupa ya maji safi imekaa tu, eti pombe ipumulie. Mzee wake alikuwa amemezea vidonge.

Nyumba ya pili, chupa kavu: walimnawishia mtoto uso. Ya tatu, walipikia uji. Ya nne, mama mwenyewe alikiri aliinywa, tena alisimama akainywa yote. Nyumba kumi na moja, ndoo kumi na moja za siki, na kila mmoja alikuwa ameificha siki yake akidhani ni yeye peke yake. Mama Cuthbert ndiye mwenyekiti, ilimbidi aonje zote. Walipofika uani kwa Severina, midomo ilikuwa imemkauka na sauti imekwaruza, lakini sheria yake hakuisahau. Akaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya nailoni, akashika mshikio.

"Hii haina mfuniko. Inamwagwa."

"Jaribu," Severina akasema.

Severina akaja akasimama mbele yake, kifua kwa kifua.

"Mabibo haya nimeyakamua mpaka ngozi ya mikono ikababuka. Onjeni kwanza. Ukiwa siki, naumwaga mwenyewe, tena njiani, mpite mkinikanyagia. Ukiwa mvinyo, mtu asinifungulie tena mdomo habari za mfuniko."

Christopher akafungua mpira wa tyubu. Akachota kikombe, akanusa, akanywa. Akachota cha pili.

"Mama Oliva," akasema taratibu, "huu ni mvinyo."

Weee! Vikombe vikatoka sijui wapi. Naima, aliyekuwa anachungulia kwenye uzio, akapiga kigelegele kama yeye ndiye aliyekunywa. Christopher akatoa simu apige picha ya kupeleka Masasi, kisha akaanza kujikuna shingo.

"Ila mama, tuweke mfuniko. Wa picha tu. Mwongozo wa maonyesho unataka ndoo yenye mfuniko na mpira wake."

"Hapana."

"Dakika moja, mama."

"Hata nusu! Ukipiga na mfuniko, mwaka kesho utawaletea tena wenzangu chupa ya maji. Utawafundisha tena siki."

"Basi huenda usipokelewe."

Severina akaona meza ya Masasi ikimponyoka. Akaona watu wanampita kule bila kumuuliza chochote. Machozi yakataka kumwaibisha mbele ya wanawake kumi na mmoja. Akarudisha nailoni mdomoni mwa ndoo, akaibana, mizunguko mitatu.

"Usipokelewe," akasema. "Utanywewa hapahapa."

Hapo Mama Cuthbert akashikwa na kikohozi. Siki za nyumba kumi na moja zilikuwa zinamrudi kooni. Akakohoa mpaka akainama.

"Mama Oliva," akasema kwa shida, "nipe maji."

"Yapo ndani mlangoni. Jichotee."

Mama Cuthbert akaingia. Wote waliokuwa uani walimwona akisimama mbele ya ndoo ya maji, akiutazama mfuniko mweupe na lile gunzi kwenye tundu. Nyumbani kwake alikuwa anachuja maji kwa kanga kila asubuhi, kutoa mende. Akafunua. Maji yalikuwa masafi, unaona mpaka chini. Akanywa kikombe, akapumua, akanywa cha pili. Kisha akaurudisha mfuniko, akaukandamiza kwa viganja viwili kuuzunguka wote, mpaka ulipolia kwa!

Akabaki amesimama pale, mkono juu yake.

"Christopher."

"Naam, mama."

"Piga picha hiyohiyo ya nailoni."

"Na mwongozo je?"

"Mwongozo mtauandika upya huko kwenu," Mama Cuthbert akasema. "Mfuniko hautoki hapa."