Nduaro wa Bwana Whitcomb

Mji wetu wote wa Alice Town ulimiminika gatini kumwona yule nduaro, samaki mkubwa mwenye pua kama mkuki. Kina mama waliacha wali wa mbaazi jikoni, na mizani ilipotulia kwenye ratili elfu moja na kumi na mbili, zilipigwa kelele ambazo hazikuwahi kusikika. Klabu yetu ya uvuvi ilikuwa haijawahi kupima samaki kama yule.

Mimi sikushangilia. Mimi ni Merlene Pinder, baharia wa mashua ya baba yangu, Nahodha Hezron, na nilijua jambo ambalo baba, akiwa usukani kule juu, hakuliona. Saa ya tatu ya kuvutana na samaki, Bwana Whitcomb, mgeni aliyekodi mashua yetu, aliteleza, ufito wa kuvulia ukaanza kumponyoka. Nikaudaka. Nikamrudishia papo hapo. Aliyekulia mashuani akiona kitu kinakwenda na maji, mkono wake haungoji ruhusa. Lakini sheria ya mchezo huu haina huruma: mkono wa mwingine ukigusa ufito, samaki hahesabiwi.

"Umeniokoa," Whitcomb alininong'oneza wakati ule. "Yabaki kati yetu."

Sasa karani wa klabu alikuwa amefungua kitabu. Majina ya mvuvi na nahodha wake yangechorwa kwenye kibao cha ukutani, kibao ambacho baba alikuwa amekitamani miaka thelathini na moja. Wenzake wote wamo, amebaki yeye tu.

"Hezron, leo umetuziba midomo!" alisema Nahodha Rolle, mtani wake. "Mimi nilishajua utakufa unavua dagaa!"

"Subiri nitie sahihi kwanza, nikutukane nimetulia," baba akajibu huku akicheka. Kisha, kama ilivyo desturi, akanigeukia mbele ya watu. "Baharia, nani mwingine aligusa ufito?"

Swali hilo huulizwa kila mara, na jibu hutoka bila kufikiri: hakuna. Whitcomb alinikazia macho. Nampenda baba kuliko mtu yeyote, na siku aliyoingoja ilikuwa mdomoni mwangu.

"Mimi, Baba. Mgeni alipoteleza."

Karani akainua kichwa kutoka kitabuni.

"Ni sekunde mbili tu!" Whitcomb alifoka. "Tia sahihi, mzee! La sivyo natafuta nahodha mwenye akili."

Baba alirudisha kalamu kwa karani. "Tafuta, bwana. Wako tele hapa, na wote watauliza swali hilohilo." Akanishika bega, akawageukia watu. "Mmemsikia binti yangu? Wangu huyu!"

Nililia palepale, wala sikuona haya.

Mpaka leo jina letu halimo kwenye kibao. Mgeni akija kutafuta mashua, Nahodha Rolle humsimulia kisa kizima kwa sauti, kisha humwonyesha ilipo yetu. "Mimi jina langu limo," humwambia. "Lakini wewe nenda na wale."