Pahali pa Kumwamshia Mtu

Wewe unayesikiliza, kama ungepewa ruhusa ya kumwamsha mtu aliyekufia njiani, ungemwamshia wapi? Pale alipoangukia, au nyumbani alikotoka? Usijibu mbio. Ketsia alijibu mbio, na jibu lake likamkwama mama yake kooni.

Ketsia na mama yake, Mama Gertrude, wanakaa hapa Bunia, upande wa Bankoko, katika chumba cha kupanga chenye ukuta wa udongo na mabati yenye kutu. Walikimbia vita kutoka Fataki. Baba, Théodore, alikuwa nyuma yao na ngombe watatu, na hakufika. Maiti yake hakuna aliyeiona. Mwanamke mmoja mchuuzi wa maharagi alisema tu kwamba alikuta ngombe njiani bila mtu. Tangu hapo Mama Gertrude hakulitaja jina la mume wake hata mara moja. Moïse, kaka mkubwa wa Théodore anayekaa Aru, alikuja mara mbili kuomba matanga yafanyike, watu walie, wamalize. Lakini Moïse mwenyewe hakutaka kumlilia mtu ambaye mke wake bado anamngoja. Mama Gertrude hakukubali, wala hakukataa. Alifuma kroshe yake, macho kwenye sindano.

Sasa huyu Ketsia alikuwa anajifunza kazi ambayo majirani waliicheka. Karibu na soko kuna fundi wa simu, Assani, Mwislamu aliyekulia kwenye machimbo ya dhahabu. Assani ana ordinatere, yaani kompyuta, na ana kamashine ka zamani ka kuchezea, kale ka kushika mikononi, kifuniko cha betri kimefungwa kwa ukanda wa mpira wa gurudumu. Kaseti ya ndani ni ya kujiandikia mwenyewe: unatunga mchezo wako kwenye ordinatere, unaupitisha kwa waya, unawasha. Assani alijaribu akachoka. Ketsia hakuchoka.

Mwanzo wa kazi hiyo ni mdogo sana. Unatafuta kwanza nukta moja ionekane kwenye kioo, na kioo kinabaki cheusi kwa sababu umesahau alama moja mahali. Ikishaonekana, unaifundisha kutembea. Kisha unachora mtu. Mtu anakaa ndani ya kisanduku cha nukta nane kwa nane, na Ketsia alimchora kwanza kwenye karatasi ya shule, akihesabu vile mama yake anavyohesabu matundu ya kroshe. Rangi hakuna, ni weupe, weusi na kijivu cha katikati. Kofia ya baba ikapata nukta tatu. Fimbo ikapita begani. Shida, ngombe mmoja wa baba, mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, akawa kijivu na nukta moja nyeupe, maskini.

Mchezo ulikuwa huu: mtu anaswaga ngombe watatu kutoka Fataki mpaka Bunia. Kifungo cha kwanza kinapiga mluzi, ngombe wanamfuata. Njiani kuna watu wenye bunduki. Wakimgusa anakufa, na akifa anaamka Fataki, anaanza safari upya. Bunia haimfungukii mpaka ngombe wote wawe nyuma yake.

Assani ndiye aliyecheza wa kwanza. Akafa, akaamka Fataki, akafa tena, akaiweka mashine mezani.

"Mutu yako iko kichwa nguvu, dada. Kwetu mu mangodi ya dhahabu, bunduki ikilia, mutu anaacha hata suruali. Huyu banamuua, anarudia tu bangombe."

"Mutu ya Fataki haachi ngombe," Ketsia akamjibu. Lilikuwa neno la baba yake, alizoea kulisema akicheka.

Assani akauliza kama na mbinguni ataingia na mikia nyuma.

Ketsia akaipeleka mashine nyumbani. Alitaka kitu kimoja tu: mama aione ile kofia, alitaje jina.

Mama Gertrude akafuta vidole kwenye kikwembe alichojifunga, akaishika kama mtu anavyoshika yai. Aliitazama kofia muda mrefu. Jina hakulitaja. Mtu akatembea, akaguswa, akaamka Fataki. Akatembea tena, akaguswa, akaamka Fataki.

"Unamurudisha Fataki juu ya nini?"

Ketsia akamweleza kwamba michezo yote iko hivyo, kwamba kuna namba mbili zinazosema mtu anaamkia wapi, na yeye aliweka za Fataki kwa sababu safari inaanzia pale. Mama hakuzisikiliza namba.

"Ametoka kule na miguu yake," akasema, "weye unamurudisha."

Kisha kidole chake kikapata kifungo cha pili. Akauliza kinafanya nini. Ketsia akasema hakina kazi, hakukiandikia kitu. Mama akakibonyeza hata hivyo. Mtu amesimama kwenye njia panda, ngombe nyuma yake, bunduki zinasogea, na mama anabonyeza, anabonyeza. Wakamuua. Mama akairudisha mashine, akaenda kutwanga majani ya muhogo ya sombe.

Ketsia alibaki pale na kinu kinalia nje. Ndipo alipoikumbuka njia panda yenyewe. Pikipiki ilikuwa tayari inanguruma, yeye na mama wamepanda. Shida aligeuka kumfuata ndama wake, na baba akageuka kumfuata Shida. Mama alifungua kinywa, kisha akakifunga. Siku ile Ketsia alidhani ni vumbi.

Asubuhi akarudi kwa Assani, akakipa kazi kifungo cha pili: ukikibonyeza, ngombe wanaachwa. Akaondoa na lile sharti la Bunia la kungoja ngombe wote. Mwanzoni ngombe walikataa kuachwa, wakamfuata hata bila mluzi, Assani akacheka mpaka akakohoa. Mwishowe wakasimama.

Jumapili, baada ya misa, Moïse akafika kwa mara ya tatu. Akakaa, akaiweka kofia yake gotini.

"Mama Ketsia, sikuje kukulazimisha. Ila ndugu yangu, siye tunamulia ao tunamungojea?"

Mama Gertrude akaokota kroshe yake. Ketsia akamtia mama mashine mikononi, akasema kifungo cha pili sasa kina kazi.

Mama akamtembeza mtu mpaka njia panda, akabonyeza. Ngombe wakasimama. Mtu wa kofia akaenda peke yake, mwepesi, akapita majanini mbali na bunduki, na Bunia ikamfungukia. Akasimama. Hakuna wimbo, hakuna mlango, hakuna wa kumpokea. Ketsia alikuwa hajaandika kinachofuata.

Moïse alikuwa ameinama juu ya bega la shemeji yake. Aliitambua kofia.

"Amefika mikono mitupu," akasema polepole.

"Amefika," mama akamjibu.

Betri zikaisha, kioo kikafifia, yule mtu akazama ndani ya kijivu. Mama hakuiachia mashine.

"Mufanye matanga ya Théodore," akasema. Jina lilikuwa limetoka. Aliendelea kukitazama kioo kilichokufa. "Asubuhi ile nilifungua kinywa. Nikasema mu roho, mwanamuke atamuambia mwanaume nini juu ya bangombe yake? Nikafunga. Mi nilikuwa nataka aache bangombe, shemeki. Nilikuwa nataka apande pikipiki na siye."